Msumeno Unaokata Upande Mmoja

Msimu wa kahawa ukianza Mabira, maganda yakiwa juani na watoto wakifukuza kuku turubaini, maneno mawili husikika kuliko mengine. La kwanza ni swali: ghala litafunguliwa lini na bei ya kuanzia ni ngapi. La pili ni onyo: atakayekutwa usiku na gunia akielekea mtoni atapoteza gunia na pikipiki. Kata hii ya Mabira iko Kyerwa, wilaya ya mkoa wa Kagera, Tanzania, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na mpaka uko karibu mno kwa mtu mwenye shida ya fedha. Ukivuka mto Kagera pale Murongo umefika Kikagati, Uganda. Robusta ile ile tunayoiita maganda, kule wanaiita kiboko, na mnunuzi anakulipa ukiwa bado umesimama mbele ya mizani.

Onyo lile lina hoja zake. Nimezisikia mikutanoni, ofisini na redioni, zikisemwa na watu ninaowaheshimu, wengine wazee wangu, wengine watumishi wanaofanya kazi kwa moyo. Kwa sababu hiyo nazijibu moja moja. Anayezisema kwa nia njema anastahili kuambiwa zimekosea wapi.

Hoja kubwa, na ndiyo inayosemwa kwa fahari, ni kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mkulima ana wajibu, chama kina wajibu, kila mmoja atabanwa sawa. Ingekuwa hivyo nisingeshika kalamu. Utaratibu uliokazwa mwaka 2018 unataka kahawa yote ipitie chama cha msingi, yaani AMCOS, iende chama kikuu, kisha mnadani. Wanunuzi binafsi, waliokuwa wakiingia vijijini tangu soko lilipofunguliwa msimu wa 1994/95, walifungiwa njia. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri: mkulima asipunjwe kwenye mizani, wanyonge wauze kwa pamoja ili wapate nguvu ya bei, na nchi ijue inazalisha kiasi gani.

Sasa simama mlangoni mwa ghala utazame ukali wa utaratibu huo unavyofanya kazi. Mpokeaji anapenyeza mkono katikati ya gunia, si juu, kwa sababu juu kila mtu hupanga vizuri. Anatoa konzi ya maganda, anaitikisa karibu na sikio asikie kama punje zinagonga ndani. Kahawa iliyokauka inalia, yenye unyevu inanyamaza. Anaangalia mawe, anaangalia punje zilizochumwa kijani zikageuka nyeusi, anapasua moja kwa meno. Akiwa na shaka, gunia linarudi nyumbani likaanikwe upya. Kazi hiyo naiunga mkono kabisa. Gunia moja bichi huotesha ukungu ghala zima, na hasara wanagawana wote, hata yule aliyeanika siku zote bila kukosea.

Mzigo ukishapokelewa, mkulima anaondoka na stakabadhi, na hapo ukali unaishia. Malipo ya awali yatatoka siku gani? Ya pili, baada ya mnada, yatakuja lini na yatakuwa kiasi gani? Makato haya ni ya nani, na nani aliyakubali? Zikipita wiki sita bila hata senti, nani atawajibika? Maswali haya yana majibu kwenye makabrasha, lakini hayana askari. Hakuna kizuizi cha barabarani kinachomsimamisha aliyechelewesha fedha ya wakulima, wala chombo chake hakitaifishwi. Anayelala ndani ni kijana wa bodaboda. Msumeno wa namna hii una meno upande mmoja tu, na wanaousifu hawajawahi kukaa upande ule wenye meno.

Wanasema pia kwamba magendo ni usaliti, ni tamaa, ni tabia ya watu wa mpakani. Hapa ukweli na matusi vimechanganywa, tuvitenganishe.

Ukweli ni huu: kahawa ikivuka, halmashauri inakosa ushuru wake wa mazao, ambao kwa mazao ya biashara ni asilimia 3, na fedha hiyo inajenga madarasa na zahanati. Kyerwa inaumia, sibishi. Hata hivyo asilimia 3 ya bei ndogo ni ndogo. Bei nzuri inayolipwa kwa wakati huibakisha kahawa nyumbani, na humo ndimo ushuru unamoongezeka. Uganda iliondoa ukiritimba wa bodi yake ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kumwachia mkulima achague mnunuzi. Msimu wa 2023/24 iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, ilhali sisi tumekuwa tukizunguka kwenye milioni 1 na kitu. Sisemi soko huria ndilo lililoleta yote hayo. Wana ardhi kubwa zaidi ya kahawa, na walisambaza miche kwa miaka mingi. Nasema tu kwamba mkulima wa Mabira anaiona tofauti hiyo kwa macho yake, kwa jirani ambaye mara nyingi ni shemeji yake, kwa sababu mto ulifanywa mpaka na wakoloni wakati ndoa zilikuwa tayari zimevuka.

Tusi ni kuita tamaa hali ya mama anayemuuguza mtoto. Chukulia ana magunia manne ghalani, stakabadhi mkononi, na mgonjwa kitandani. Stakabadhi haiwekwi kaunta ya duka la dawa. Gunia la tano, ambalo bado liko chini ya kitanda, lina mnunuzi usiku huu huu. Mwite mvunja sheria ukitaka, lakini usiseme hajui uzalendo.

Nchi hii ilishajaribu kuponya magendo kwa ukali peke yake. Mwaka 1983, katika kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walikamatwa kwa maelfu, na Bunge likatunga sheria maalumu ya uhujumu uchumi. Ninamheshimu Sokoine kwa uadilifu wake, na wengi wanaolizungumzia jina lake leo wanamheshimu kwa hilo. Lakini sabuni na khanga hazikurudi madukani kwa sababu ya kukamata. Zilianza kurudi baada ya bajeti ya mwaka 1984 kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Uhaba ndio uliokuwa ukizaa ulanguzi, na uhaba haufungwi pingu.

Kuhusu butura nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa mimi na wapinzani wangu tunachukia kitu kimoja. Mtu anauza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kumaliza shida ya leo, na mavuno yakija mwenye fedha anachuma shamba ambalo hakulipalilia. Ni unyonyaji wa wazi. Hoja ninayoikataa ni kwamba ukipiga marufuku kwa ukali wa kutosha, itakoma. Butura haianzi kwa mnunuzi kuwa mkatili. Inaanzia kwenye ile miezi mirefu kati ya mauzo ya msimu uliopita na mavuno yajayo, shule zinapofunguliwa Januari na nyumba haina kitu. Anayetaka kuimaliza apeleke mkopo mdogo kijijini katika miezi hiyo, wenye riba inayoeleweka, ukirejeshwa kwa kahawa. Marufuku bila mkopo inaifanya butura iwe ya siri, na butura ya siri ina bei mbaya zaidi kwa sababu mnunuzi anajilipa pia kwa hatari aliyobeba.

Halafu kuna hoja inayopendwa na maofisa: kila mtu akifuata kila kanuni bila kupinda, kazi itakwenda yenyewe.

Wafanyakazi wa dunia nzima wanajua kwamba hili si kweli, na wameligeuza kuwa silaha. Mwaka 1972 wafanyakazi wa reli Uingereza waliamua kufuata kitabu cha kanuni kama kilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza, na safari za treni zikavurugika nchi nzima. Hakuna aliyevunja sheria, na hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha yao. Kwetu mbinu hiyo inajulikana kama mgomo baridi, na kila mwajiri anaiogopa. Kazi inakwenda kila siku kwa sababu watu wenye akili wanajua kanuni inataka nini, na wanaifikisha huko hata pale maneno yake hayakutosha.

Mfano wa kwetu ni huu. Mkulima alipwe kwa akaunti au kwa simu, siyo mkononi, ili fedha isipotee njiani. Kanuni nzuri. Laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Nayo ina sababu zake. Sasa mlete mama mwenye umri wa kwenda sabini, aliyeshika jembe tangu utotoni. Vidole vyake vimelika, mistari imefutika, mashine inamkataa kidole hadi kidole. Na kwa kuwa wilaya yake inapakana na Uganda na Rwanda, uhakiki wa uraia wake unakwenda polepole kuliko wa mtu wa Singida. Anaambiwa alete karatasi ambayo mkoloni hakuwahi kumpa na ambayo zahanati haikuwepo kumwandikia. Kila dirisha analosimama linafuata kanuni yake kwa usahihi. Mwisho wa siku kahawa yake imeshauzwa mnadani, jina lake lipo kwenye orodha, na fedha haina njia ya kumfikia. Ofisa mwenye busara atamtafutia njia iliyo halali: ataita mashahidi, ataandika sababu, atasaini na kubeba dhamana yake. Ofisa anayejificha nyuma ya kitabu atamwambia arudi wiki ijayo, na atalala usingizi mzuri.

Hata Umoja wa Ulaya, uliotunga mwaka 2023 sheria ya kutaka kila gunia la kahawa lijulikane limetoka shamba gani ili lisiwe limetoka palipokatwa msitu, umeahirisha utekelezaji baada ya kuona wahusika hawajawa tayari. Waliokuwa na mawakili walisikilizwa. Mama huyu hana wakili.

Wengine husema kanuni zimetungwa na wataalamu, kazi ya mkulima ni kutii. Hili nalijibu kwa mgomba, kwa sababu kwenye kibanja cha Kyerwa mgomba na mbuni vinaishi pamoja.

Mnyauko bakteria wa migomba ulithibitishwa Uganda mwaka 2001 na ukaonekana Kagera mwaka 2006. Wanaoujua hawausahau. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamemwagiwa maji moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata tunda ndani kuna madoa ya kahawia. Ukikata shina linatoa uteute wa manjano. Wataalamu walileta kanuni: kata ua la dume linaloning'inia chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, choma kisu motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine, na mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote.

Mbili za kwanza zilishika. Mtu akielezwa kwamba wadudu hubeba bakteria kutoka ua la dume la mgomba mmoja hadi jingine, na kwamba panga linahamisha ugonjwa kama sindano isiyochemshwa, anatengeneza kijiti chake mwenyewe jioni hiyo hiyo. Hakuhitaji askari. Ile ya tatu iligoma. Kung'oa shina zima ni kazi ya siku nyingi, na shina la kibanja cha zamani limelisha vizazi. Watu walikata ule mgomba ulioonyesha ugonjwa, wakaacha watoto wake, wakaonekana wakaidi, na mahali pengine walitishiwa faini.

Miaka ilivyokwenda, watafiti katika nchi za Maziwa Makuu walipima wakagundua kwamba bakteria haisambai kwenye machipukizi yote ya shina kama walivyodhani. Ukikata mapema mgomba ulioonyesha dalili, usawa wa ardhi, kwa kisu kilichosafishwa, na ukarudia kila unapoona mwingine, ugonjwa unapungua mpaka shamba linarudi kuzaa. Ushauri ukabadilika. Kile ambacho baadhi ya wakulima walikuwa wakikifanya kwa kusita kilikuwa karibu na jibu kuliko kanuni iliyokuwa ikiwatisha.

Wataalamu walikuwa sahihi kubadilika, na hilo ndilo linalonipa imani nao. TaCRI, taasisi yetu ya utafiti wa kahawa, ilifanya kazi ya namna hiyo hiyo kwenye mnyauko wa robusta. Mwaka 2011 aina nne zinazostahimili ugonjwa huo zilitolewa, Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1, na mkulima aliyekuwa akiambiwa ng'oa na uchome alipata cha kupanda badala yake. Mtaalamu akija na sababu na mbadala anasikilizwa. Akija na amri pekee, Kagera ina historia ya kumjibu. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba waliinuka dhidi ya kanuni za kilimo cha kahawa zilizoletwa na utawala wa Kiingereza, na mwaka huo huo Kilimanjaro kulikuwa na ghasia dhidi ya kulazimishwa kuuza kupitia chama kikuu cha ushirika cha huko, KNCU. Wale wazee hawakuwa na ugomvi na kahawa, bali na amri. Ukumbusho huo unatosha pia kwa anayesema ushirika ni mali ya wakulima na kwa hiyo kanuni zake ni zao. Mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini bila kuwauliza wenye mali, na vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mali ya mtu haifungwi na kufunguliwa hivyo.

Nimebakiza hoja ninayoiona nzito kuliko zote, na sitaipita mbio: ukiruhusu busara, umefungua mlango wa rushwa. Leo ofisa atamwonea huruma mama mzee, kesho atamwonea huruma tajiri aliyempa bahasha. Bora kanuni ngumu isiyojua sura ya mtu.

Woga huu una msingi. Kuna watu Mabira waliowahi kuona huruma ikiuzwa. Lakini tuangalie rushwa inakaa wapi kwenye biashara hii. Haikai ghalani pale mpokeaji anapotikisa konzi ya kahawa mbele ya watu ishirini. Inakaa barabarani usiku, mahali ambapo kanuni ni ngumu kuliko zote: gunia lolote ni kosa, pikipiki yoyote ni mali ya kutaifishwa. Kanuni inayomfanya mtu apoteze kila kitu kwa gunia moja inamfanya awe tayari kulipa karibu chochote asikamatwe. Mwenye tochi anajua hivyo. Ugumu wenyewe ndio umeweka bei.

Dawa ya busara mbovu ni busara inayoandikwa na kusomwa na watu. Nchi hii imeshaliona hilo kwenye sehemu yake nyeti kuliko ghala la kahawa, yaani mahakamani. Katiba yetu, ibara ya 107A, iliyoingizwa na mabadiliko ya mwaka 2000, inaziagiza mahakama kutenda haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kuikwamisha. Mwaka 2018, mwaka ule ule kahawa ilipofungiwa njia moja, Bunge liliongeza msisitizo huo kwenye sheria za mwenendo wa kesi za madai na za rufaa. Na Mahakama ya Rufani, katika kesi ya kijiji cha Mondorosi dhidi ya kampuni ya bia, haikukubali kanuni hiyo igeuzwe blanketi la kufunika kila uzembe. Masharti ya lazima, yanayogusa msingi wa shauri, yanabaki palepale. Jaji analegeza pale panapolegezeka, anakaza pale pa kukaza, na kila mara anaandika kwa nini, ili aliyeshindwa asome na akate rufaa. Kama tunamwamini jaji kwa utaratibu huo kwenye uhai na ardhi za watu, mpokea kahawa anaweza kuwekewa huo huo kwenye gunia.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo na kinatekelezeka. Stakabadhi ya kupokelea kahawa iandikwe tarehe ya mwisho ya malipo ya awali, na kila wiki inayozidi ilipiwe nyongeza itokayo kwenye fedha za chama, isitoke kwenye bei ya mkulima. Makato yote yabandikwe ukutani mwa ghala, kwa Kiswahili, kabla gunia la kwanza halijapimwa. Anayekataliwa mzigo au malipo apewe sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo, na jina la aliyekataa. Wenye vidole vilivyolika na vitambulisho vilivyokwama wawekewe njia ya mashahidi wawili na mwenyekiti wa kitongoji. Masharti ya chama hubadilishwa na mkutano mkuu wa wanachama na kusajiliwa na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, kwa hiyo mkutano mkuu wa chama chochote cha msingi Kyerwa unaweza kuanza na la kwanza kabla ghala halijafunguliwa msimu ujao.